Sura ya Nne: Mwaka 816, Dunia Ilivyokuwa Ikitazamwa kutoka Msuka

Watu wakipelekwa kuliona gofu la msikiti wa kale wa Msuka, wilayani Micheweni, hawakawii kuuliza: huu mwaka uliokwaruzwa ndani ya mihrabu ni mwaka gani hasa? Jibu wanalopewa, na ndilo lililomo katika vitabu vya watalii, ni 1414. Hapo hufuata suali la pili, na hili halina jibu la mkato: wakati huo duniani kulikuwa na nini? Nani alitawala wapi? Huku Pemba watu walikula nini, na walijua nini kuhusu walimwengu wengine?

Sura hii inajibu masuali yote mawili. Tutaanza na ukuta, tuje kwenye hesabu, kisha tuuzunguke mwaka wenyewe, tukianzia nyumbani na kwenda mbali.

Alama katika mihrabu

Mihrabu ni kile kishubaka cha ukuta wa mbele wa msikiti, kinachoonyesha upande wa Makka, ambamo imamu husimama kusalisha. Katika misikiti ya kale ya pwani, hapo ndipo fundi alipotia ustadi wake wote. Kuta nyingine zilijengwa kwa mawe ya kawaida ya pwani na chokaa iliyochomwa kwa kuni. Kwa mihrabu, mafundi walipenda matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi na laini, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu.

Ndani ya mihrabu ya Msuka umeandikwa mwaka 816. Haukuchongwa kwa nakshi, umekwaruzwa tu. Tofauti yake utaiona ukienda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako maandishi ya mwaka 500 yamechongwa kwa mkono wa fundi mkubwa na yamekuwa pambo la msikiti. Maandishi ya Kizimkazi ni tangazo: sisi tumejenga, na mwaka wetu ni huu. Ya Msuka yamekaa kama ya mtu anayeandika tarehe kwa msumari kwenye saruji ya baraza lake kabla haijakauka.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na kile alama hii inachotuthibitishia. Haituambii msikiti ulijengwa lini. Huenda ulikuwapo zamani, huenda chokaa ilikuwa bado mbichi. Inatuambia mambo mawili tu:

- Mwaka huo msikiti ulikuwapo, au ulikuwa unajengwa.
- Alikuwapo mtu aliyejua kuandika, aliyejua wakati huo ni mwaka wa ngapi, na aliyeona inafaa mwaka huo uwekwe ukutani.

Si machache hayo. Kwa kijiji cha kaskazini mwa Pemba, miaka zaidi ya 600 iliyopita, hicho ni cheti cha kutosha.

Kwa nini 816 si 1414 hasa

816 ni mwaka wa Hijria, yaani hesabu inayoanzia mwaka Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, ambao kwa kalenda ya Kizungu ni 622. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi wa angani. Una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unakimbia mbele ya ule wa Kizungu kwa siku kumi au kumi na moja. Ndiyo maana Ramadhani mara huangukia jua kali na mara huangukia masika.

Ukitaka kugeuza mwaka wa Hijria kwa hesabu ya kichwani, fuata hatua tatu:

1. Gawa mwaka huo kwa 33. Kwa 816 unapata karibu 25.
2. Toa jibu hilo kwenye mwaka wenyewe: 816 toa 25 ni 791.
3. Jumlisha 622: unapata 1413.

Jaribu na 500 ya Kizimkazi utapata 1107, na hiyo ndiyo tarehe inayotajwa na wataalamu.

Ukifuata majedwali kamili, mwaka 816 ulianza tarehe 3 Aprili 1413 na kumalizika tarehe 22 Machi 1414, kwa kalenda iliyotumika Ulaya wakati ule. Kalenda hiyo ilikuwa nyuma ya tunayotumia leo kwa siku tisa. Miezi kama tisa ya mwaka huo ilikuwa ndani ya 1413, na isiyozidi mitatu ndani ya 1414. Anayesema 1414 hakukosea kabisa, ila ameshika mkia.

*Kwa ufupi: alama ya Msuka ni ya kati ya Aprili 1413 na Machi 1414. Ni ushahidi kwamba msikiti na msomi walikuwapo, si cheti cha kuzaliwa cha msikiti.*

Mwaka ulioanza na masika ukaisha na masika

Sasa tazama bahati iliyoje. Mwezi wa Hijria hauna mkataba na majira, lakini mwaka 816 ulikwenda nayo sambamba. Kwa kalenda ya leo ulianza katikati ya Aprili, masika yamekolea na kusi inaanza kuvuma, na ukaisha kaskazi imechoka, masika mengine yakibisha hodi. Ni mwaka mzima wa baharia na mwaka mzima wa mkulima, ndani ya mwaka mmoja wa Kiislamu.

Kusi ni upepo wa kutoka kusini, unaovisukuma vyombo kwenda Arabuni na India. Kaskazi hutoka upande wa pili na kuvileta huku, kuanzia kama Novemba hadi Machi. Ukiyapanga matukio ya mwaka huo kwa upepo, yanakuja hivi:

- Mfungo Nne (Muharram), Aprili: mwaka unaanza. Vyombo vya kigeni vilivyokuja na kaskazi vinajifunga kuondoka. Anayechelewa atakutana na bahari chafu ya Arabuni ya Juni hadi Agosti, au asubiri mpaka Septemba.
- Mfungo Sita, Juni: mwezi wa kuzaliwa Mtume. Kipupwe kimeingia.
- Ramadhani, Disemba: saumu inaanza karibu wakati mmoja na kaskazi. Wanaofunga Msuka wanatazama baharini kuona chombo kipi kimetangulia.
- Idi, mwanzoni mwa Januari: bandari zina wageni, nguo mpya zimefika.
- Mfungo Tatu, Machi: mwezi wa hija. Mpemba aliyetaka kuhiji mwaka huo ilimpasa awe ameshaondoka na kusi, mwisho Septemba. Kaskazi ikishavuma haimpeleki mtu Makka kwa tanga.

Hapo ndipo unapoona kwa nini mtu wa pwani alihitaji hesabu mbili: mwezi kwa ibada, na jua kwa safari na shamba. Hesabu ya jua iliyofuatwa pwani ndiyo ya Nairuzi, yenye siku 365, ambayo mpaka leo kuna wanaoijua.

Majirani: Chwaka na Tumbe

Msuka haikuwa peke yake. Kwa upande wa mashariki, karibu na Tumbe, ulikuwapo mji wa Chwaka. Usiuchanganye na Chwaka ya Unguja. Hii ni ile yenye makaburi ya Wamazrui, waliokuja baadaye sana, na kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la Haruni, wa ukoo wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini.

Miaka ya mwanzo ya 2000, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Chwaka na Tumbe. Mwanaakiolojia ni mtu anayesoma maisha ya kale kwa vitu vilivyobaki ardhini: vigae, mifupa, shanga, hata punje zilizoungua. Waliyoyapata yanabadilisha picha ambayo wengi tunayo kuhusu miji ya kale.

Kwanza, Tumbe ni ya kale kuliko Chwaka. Ilikuwa makazi makubwa sana tangu karne ya 7 au ya 8, ikaachwa katika karne ya 10. Kisha Chwaka ikainuka, kuanzia kama karne ya 11, na ikaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Mtu aliyeandika 816 aliishi wakati Chwaka iko hai na imeshiba.

Pili, wengi wa watu wa Chwaka hawakuishi katika majumba ya mawe. Waliishi nyumba za udongo na miti, na jiwe walilitia msikitini. Walipoboresha maisha yao, walianza na nyumba ya Mungu. Msikiti mkubwa wa Ijumaa wa Chwaka ni wa karne hiyo hiyo ya 15.

Tatu, punje. Mtaalamu wa mimea ya kale Sarah Walshaw alizichambua punje zilizoungua za sehemu zote mbili. Tumbe ya kale ilikula zaidi uwele. Chwaka ilikula mpunga. Katika karne chache, Pemba iligeuka kuwa kisiwa cha mpunga, na Wareno walipofika baadaye walikikuta kikilisha Mombasa na Malindi.

Sinia la mwaka 816

Njia rahisi ya kuuona mwaka ule ni kulitazama sinia. Wali upo. Samaki yupo. Tui la nazi lipo, maana nazi zimepatikana hata Tumbe ya zamani zaidi. Kuku, mbuzi na ng'ombe wapo. Sasa ondoa vitu hivi, kwa kuwa vilikuwa bado havijatoka Amerika, bara ambalo watu wa upande huu wa dunia hawakujua kama lipo:

- muhogo
- mahindi
- nyanya
- pilipili hoho na pilipili kali ya shamba
- mapapai, mananasi na korosho
- tumbaku

Na kuna kimoja kisichotoka Amerika lakini nacho hakikuwapo: mkarafuu. Karafuu zilijulikana kama dawa na kiungo cha kununua kutoka mbali mashariki, lakini mti wenyewe uliletwa Zanzibar katika karne ya 19. Pemba isiyonukia karafuu ndiyo Pemba ya mwandishi wetu. Mashamba yake yalikuwa ya mpunga, na watu walisokota pamba.

*Kwa ufupi: kaskazini ya Pemba mwaka 816 ilikuwa na mji uliokua, misikiti ya mawe, wali wa kutosha hata wa kuuza, na haikuwa na muhogo wala karafuu.*

Habari zilifika vipi?

Vitabu vingi vikitaka kueleza mwaka fulani hupanga matukio kwa ukubwa: vita, taji, mkataba. Hapa tutayapanga kwa swali jingine: habari ipi ingeweza kufika Msuka, na kwa upepo upi? Habari wakati ule ilisafiri ndani ya chombo, pamoja na vitambaa na vyombo vya udongo. Haikuweza kuutangulia upepo. Kwa hiyo tunapata duara tatu.

Duara la kwanza: habari za pwani

Hizi zilifika kwa siku au wiki, kwa dau na mtepe, yaani jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Kilwa ilikuwa bado ndiyo yenye mkono katika dhahabu ya Sofala, iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe. Zimbabwe Kuu yenyewe ilikuwa ingali na watu. Mombasa na Malindi zilikuwa zinapanda. Lamu ilikuwa na msikiti wake wa Pwani tangu mwaka 772 wa Hijria. Mtu wa Msuka hakuhitaji ramani kuijua miji hii. Alikuwa na jamaa humo.

Duara la pili: habari za upepo mmoja

Hizi zilitoka bandari ambazo chombo kingeweza kutoka na kaskazi na kufika Pemba kwa wiki tatu au nne upepo ukikubali: Aden, Hormuz, Gujarat.

Yemen ilitawaliwa na Sultani al-Nasir Ahmad wa ukoo wa Rasuli. Kadhi mkuu wake alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, Majd al-Din al-Firuzabadi, aliyeandika *al-Qamus al-Muhit*, kamusi ya Kiarabu ambayo jina lake la *qamus* ndilo lililoenea kuwa jina la kila kamusi. Alifariki Zabid mwaka uliofuata, 817.

Shiraz, mji ambao koo nyingi za pwani husema ndiko asili yao, ulipata msiba ndani ya 816 yenyewe. Alifariki al-Sharif al-Jurjani, mwanachuoni aliyekusanya maana za istilahi za elimu katika kitabu chake *al-Ta'rifat*. Kwa mtu aliyeshika kitu chenye ncha na kuandika mwaka mihrabuni, yaani mtu wa chuoni, habari hii ndiyo kubwa kuliko ya mfalme yeyote.

Gujarat alikuwapo Sultani Ahmad Shah, aliyeuanzisha mji wa Ahmedabad mwaka 1411. Nguo na shanga za Gujarat zilivaliwa pwani yote. Delhi, juu zaidi, ilikuwa katika fujo: ukoo wa Tughluq umekwisha, na mji unasubiri mwenyewe, mpaka Khizr Khan alipouteka mwaka 1414.

Duara la tatu: habari za mkono wa tatu

Hizi zilipita bandari nyingi, zikabadilika njiani, na nyingine hazikufika.

- Uturuki. Julai 1413, Mehmed alimshinda ndugu yake Musa, akamaliza vita vya miaka kumi na zaidi vya watoto wa Bayezid, baba yao aliyeshindwa na Timur mwaka 1402. Dola ya Uthmania ikasimama tena.
- Habasha. Mwaka 1413 alifariki Mfalme Dawit, akafuatwa na mwanawe Tewodros aliyetawala muda mfupi tu.
- China. Vuli ya 1413, Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, alitoka Nanjing kwa safari yake ya nne. Alifuatana na Ma Huan, Mwislamu pia, aliyeandika baadaye waliyoyaona. Safari hiyo ilifika Hormuz, bandari iliyofanya biashara na pwani yetu.
- Uingereza. Aprili 1413, siku chache baada ya mwaka 816 kuandama, Henry V alivishwa taji.
- Kanisa la Ulaya. Lilikuwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja akidai yeye ndiye Papa.

Mbili za mwisho hazina dalili kwamba kuna mtu wa Msuka aliyezisikia au aliyehitaji kuzisikia. Na bado, kitabu cha historia ya dunia cha skuli kikifunguliwa ukurasa wa miaka hiyo, mara nyingi huanza na hizo.

Twiga wa Malindi

Mwaka mmoja na nusu tu baada ya 816 kwisha, pwani yetu ilitajwa katika kumbukumbu za China. Oktoba 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle. Wachina walimwona ni kiumbe wa heri, mnyama anayetokea pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu, na mfalme mwenyewe akatoka kumpokea.

Jambo la kuzingatia ni umbali. Kutoka Msuka mpaka Malindi ni siku chache za tanga. Anayedhani kaskazini mwa Pemba ilikuwa pembeni ya dunia mwaka ule ajiulize: pembeni ya dunia ipi? Katika dunia ya Bahari ya Hindi, iliyofungwa pamoja na kusi na kaskazi, Pemba ilikuwa njiani.

Habari ambayo ilipaswa kuogopwa

Katika miezi hiyohiyo, mbali kabisa na pwani yetu, Mfalme João wa Kwanza wa Ureno alikuwa anaandaa merikebu. Zilivuka kwenda Afrika ya kaskazini, na tarehe 21 Agosti 1415 zikauteka mji wa Kiislamu wa Ceuta. Kwa Wareno hiyo ilikuwa hatua ya kwanza nje ya Ulaya. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani yetu akafika Malindi, na miaka michache baadaye Chwaka ilikuwa mahame.

Sababu za Chwaka kuhamwa ni mjadala wa sura nyingine. Hapa inatosha kusema hivi: msiba wa Shiraz uliweza kufika Msuka kwa kaskazi moja. Jambo ambalo lingekuja kuitikisa pwani nzima lilianzia mahali ambapo hakuna chombo cha Pemba kilichotia nanga, na lilichukua miaka 85 kufika. Ukubwa wa tukio kwa walioishi siku zake na ukubwa wake kwa vizazi vyao ni vipimo viwili tofauti, na mwanafunzi wa historia hana budi kuvishika vyote.

Muhtasari wa sura

- Alama ya Msuka ni mwaka 816 wa Hijria, kati ya Aprili 1413 na Machi 1414.
- Mwaka huo ulianza na kuisha na masika, kwa hiyo ibada, kilimo na safari zilikwenda kwa mfuatano mmoja.
- Chwaka ilikuwa mji hai wenye mpunga, pamba na misikiti ya mawe. Tumbe ya kale ilikuwa imeshaachwa.
- Matukio ya ulimwengu yaliwafikia watu kwa upepo, si kwa ukubwa wake.
- Tukio lililokuja kubadilisha pwani zaidi, yaani kutoka kwa Wareno nje ya Ulaya, halikuwa na njia ya kusikika.

Fanya mwenyewe

Makaburi na misikiti ya zamani ya Micheweni na wilaya nyingine ina tarehe zinazosubiri msomaji. Ukiona mwaka wa Hijria, usiuguse wala usiupake chaki, maana chokaa ya kale hubanduka kwa kidole. Upige picha, tumia hatua tatu za hesabu, kisha waulize wazee ulikuwa mwaka wa nani kwa mapokeo ya kijiji. Andika jibu pamoja na jina la mahali, na ulipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale, pale makumbusho katika ngome ya Chake Chake. Tarehe moja iliyosomwa vizuri na kuandikwa ina faida kwa Pemba kuliko kumi tunazozipita kila siku tukienda shamba.